Mnyime sukari, saratani ife? Dhana na ukweli kuhusu ovari

"Usimtilie sukari kwenye uji, unaulisha ugonjwa." Nimeyasikia maneno haya Kibuye na Kondele, mjini Kisumu, na hata huko Muhoroni kwenye miwa. Mama anayeugua saratani ya ovari, yaani kiungo cha mwanamke kinachotoa mayai ya uzazi, huanza kunyimwa chai ya sukari, kisha ugali, na wanaomnyima ndio wanaompenda.

Dhana: ukikata sukari, saratani itakufa njaa.

Chimbuko lake ni la kweli. Miaka ya 1920, Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba seli za saratani hula glukosi, yaani sukari iliyomo kwenye damu, kwa pupa na kuigeuza asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo. Lakini ugali nao huwa glukosi tumboni, na mtu asipokula, ini hujitengenezea glukosi, nyingine kutokana na protini za misuli. Anayekonda hapo ni mgonjwa, na kemotherapi humlemea zaidi.

Tena saratani hii haitegemei sukari peke yake. Seli zikibanduka kwenye ovari huelea katika majimaji ya tumbo, na mara nyingi hutua kwenye omenta, yaani ule utando wa mafuta unaofunika matumbo, kama unaouona mbuzi akipasuliwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba seli za mafuta za hapo huzipa seli za saratani asidi za mafuta, nazo huzichoma kupata nguvu. Hutumia pia glutamini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Ukiziba njia moja, hushika nyingine.

Dhana: basi mwembamba yuko salama.

La. Omenta kila mtu anayo.

Dhana: maji ya magadi huondoa asidi ya saratani.

Asidi hiyo ya laktiki hukaa jirani na uvimbe. Mapafu na figo huishikilia pH ya damu, yaani kipimo cha asidi yake, kati ya 7.35 na 7.45, unywe usinywe. Magadi mengi yanaweza kumdhuru mgonjwa, naomba tuyaache.

Dhana: akishiba upesi, hana haja ya chakula.

Hili ndilo huniuma zaidi. Mara nyingi ni maji yaliyojaa tumboni yanayoubana mfuko wa chakula, huku mwili ukiendelea kudhoofika. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi: uji wa wimbi wenye maziwa, mayai, omena laini, njugu zilizosagwa. Kama ana kisukari, daktari ndiye atakayepanga kiasi. Kwa wengine, sukari kijiko kimoja kwenye uji si sumu.