D0482 au D0483? Tazama kwanza kilichomo kwenye kichupa

Wenzetu wanaoandaa madai ya bima kwenye kliniki za meno hapa Marekani huniuliza sana swali hili: mgonjwa fizi zinachubuka, daktari anahisi ni pemfigasi au pemfigoidi (magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia ngozi na utando wa kinywa), kinyama, yaani kipande kidogo cha tishu cha kupimwa, kimechukuliwa. Kati ya misimbo ya madai ya meno, tuandike D0482 au D0483? Mara nyingi nawajibu: nyinyi msiandike hata mmoja.

Daktari aliyekata kinyama ufizini au shavuni hudai D7286 (msimbo wa kukata kipande cha tishu laini ya kinywa), basi. Misimbo inayoanzia D0472 ni ya maabara ya patholojia ya kinywa, kwa kuwa wao ndio wanaopokea sampuli, wanaisoma kwenye darubini na kuandika ripoti. Kliniki ikidai D0482 na maabara nayo ikadai, bima inaona kipimo kimoja kimelipishwa mara mbili, na hapo ndipo malipo yanapokwama.

D0482 ni imunofluoresensi ya moja kwa moja, kipimo kinachotumia vitendanishi vinavyong'aa. Inatafuta kingamwili zilizonasa ndani ya tishu ya mgonjwa mwenyewe. Maabara hukata vipande vyembamba vya tishu iliyogandishwa, huvipaka vitendanishi vinavyong'aa vya kutambua kingamwili za IgG, IgA na IgM pamoja na protini za C3 na fibrinojeni, kisha huvitazama. Kwenye pemfigasi, IgG na C3 hung'aa kuzunguka kila seli, mfano wa wavu wa mvuvi. Kwenye pemfigoidi ya utando telezi unaona mstari mmoja tu, pale tabaka la juu linaposhikana na tishu ya chini.

D0483 ni imunofluoresensi isiyo ya moja kwa moja, ile ya damu. Seramu ya mgonjwa humwagwa juu ya tishu isiyo yake (kwa pemfigasi hutumika sana umio wa nyani) kuona kama kingamwili zinazozunguka mwilini zitanasa pale. Wapo wanaoipenda kwa sababu kutoa damu ni rahisi kuliko kukata ufizi. Mimi siipendi ikiwa peke yake: kwenye pemfigoidi ya kinywa, kingamwili za damuni mara nyingi ni chache mno, na majibu hasi hayamwondolei mgonjwa ugonjwa.

Sasa vichupa. Kinyama cha kidonda chenyewe kinaingia kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu), na maabara itadai D0473, uchunguzi wa kawaida wa darubini. Cha pili kinakatwa pembeni ya kidonda, mahali ambapo ngozi ya juu haijabanduka, na kinaingia kwenye kimiminika cha Michel, cha kusafirishia tishu ya imunofluoresensi. Formalini huharibu kile kinachotafutwa, kwa hiyo vyote viwili vikitumbukizwa humo, D0482 haipo tena. Mgonjwa anarudi kukatwa upya, na hapo kugombana na bima hakusaidii kitu.

Dai likielekezwa bima ya afya badala ya ya meno, misimbo hubadilika, inatumika ile ya CPT ya huduma za matibabu. Imunofluoresensi ya tishu ni 88346 kwa kingamwili ya kwanza na 88350 kwa kila inayoongezeka; vile vitano vya hapo juu (IgG, IgA, IgM, C3 na fibrinojeni) basi ni 88346 mara moja, 88350 mara nne. Ya damu ni 86255, au 86256 wakipima kiwango. Kama fomu yenu bado ina msimbo 88347, uondoeni: ulifutwa 2016.

Na kabla ripoti haijatoka, msiandike msimbo wa ugonjwa, L10.0 ya pemfigasi wala L12.1 ya pemfigoidi, kwa kuhisi tu. Andikeni kinachoonekana, kwa mfano K13.79 (vidonda vingine vya utando wa kinywa). Ripoti ikithibitisha, madai yanayofuata ndiyo yabebe jina la ugonjwa.