“Sawa, nitakukumbusha” si kikumbusho

Wiki hii peke yake nimeisikia mara nne, na ile ya mwisho njo ilinichosha: “Lakini si niliiambia IA inikumbushe, na ikajibu sawa?” Kazi yangu hapa Goma ni kuwawekea watu wa biashara ndogo hizi asistani za IA (yaani akili bandia, kama ChatGPT) kwenye telefone, watu wa farmasi, saluni, maduka, wenye kutuma mizigo Bukavu kwa mashua, sasa naandika mara moja ili nikiulizwa tena nitume hii.

Dhana: ikisema “nimeweka”, basi imeweka

Hapana jamani! Asistani wa maongezi anaamka ukimwandikia, anajibu, basi kazi yake imeishia hapo. Hahesabu masaa, wala hakeshi akingoja kesho ifike. Ili kitu kilie kesho lazima kuwe na saa pembeni, kalenda ya telefone ama seva inayopanga masaa, na asistani awe ameunganishwa nayo, awe ametuma kile kikaratasi chenye jina la kazi, siku, saa na alamu, na kalenda iwe imemrudishia jibu kwamba imepokea. Kama hakuna kalenda nyuma yake, lile “sawa nitakukumbusha” ni maneno tu, yametoka kwa sababu mtu akiombwa amkumbushe mwenzake kwa kawaida anajibu hivyo. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, lakini uwezo wa kuipangia kazi zijiendeshe kwa saa yake uliingia Januari 2025, na ulianzia kwa wanaolipa. Hesabuni wenyewe hapo katikati ni watu wangapi waliahidiwa kukumbushwa.

Mama mmoja mwenye farmasi kule Birere alinipa telefone akiwa na hasira, alikuwa ameomba akumbushwe kumpigia muuzaji wake wa jumla aliye Kinshasa, dawa za malaria zilikuwa zinamwishia. Akanionyesha jibu, zuri kabisa, “Sawa Mama, kesho saa mbili asubuhi nitakukumbusha,” na kialama cha kengele juu. Nikamwambia mama, tufungue kalenda. Tukafungua, ile siku nyeupe, mwezi mzima mweupe. Akapitisha kidole juu ya ule mwezi mara mbili, kama vile kitu kingetokea.

Nikamuunganishia kalenda, nikadhani tumemaliza, kumbe. Usiku wa pili telefone ikalia saa nane ya usiku, nyumba nzima ikaamka! Yeye alisema saa mbili akimaanisha saa mbili yetu, mashine ikaelewa 2h00. Hizi mashine zimejifunza zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, saa yetu ya Kiswahili wakati mwingine zinaipata wakati mwingine zinaikosa, na hata sisi wenyewe hapa mjini mzee akisema saa mbili anamaanisha nyingine na kijana anayefikiri kwa Kifaransa anamaanisha nyingine. Njo maana mimi nasema na nitaendelea kusema, andika kwa tarakimu: 8h00 asubuhi, saa za Goma. Usimwachie abahatishe.

Na bado. Saa 8h00 ya hapa, Kinshasa ni 7h00, yule muuzaji hajafungua, kwa hiyo kikumbusho kingelia vizuri na simu isingepokelewa. Tukaweka 9h30. Halafu angalieni telefone zenu, kwenye orodha ya majira mara nyingi hamtakuta jina la Goma, mtakuta Kinshasa na Lubumbashi, na sisi tuko kwenye saa ya Lubumbashi. Ukiacha asistani wako kwenye saa ya Kinshasa, cha saa 8h00 kitalia saa 9h00 yako, kila siku, na utalaumu mashine.

Kwa hiyo kila akikwambia “nimeweka”, fungua kalenda ukaone kwa macho yako. Hata dakika moja haiishi.

“Nimeona iko kwenye orodha ya kazi, itanililia”

Si lazima. Kwenye iCalendar, ule utaratibu (toleo lake la 2009) ambao kalenda nyingi zinautumia kupashana habari, randevu ni kitu kimoja, kazi ni kingine, na alamu inawekwa peke yake juu yao. Kazi yaweza kuwa na tarehe na isiwe na alamu hata moja, itakaa pale kimya mpaka siku ipite. Mwambie asistani aweke na alamu, kisha hakikisha.

“Nikiruhusu IA igawie wafanyakazi kazi, mambo yanaenda”

Hii ya mapatroni. Asistani anasoma maongezi ya kundi, anaona mtu kasema “tungefaa kuhesabu stoki”, anamwandikia yule aliyesema kwamba ahesabu Ijumaa. Nani alikubali? Hata iCalendar yenyewe, mtu akialikwa hali yake kwa kawaida inaanza kama asiyejibu bado, yaani anangojwa aseme ndiyo ama hapana. Sasa wewe unataka mashine imruke? Acheni iandike pendekezo, mwenyewe akikubali, njo liingie kwenye orodha yake. Hapa sibadilishi maneno, hata mteja akasirike.

“Isome barua pepe zangu zote na itengeneze kazi yenyewe”

Barua pepe inaandikwa na mtu yeyote, pamoja na mwenye nia mbaya. Mwaka 2025 watafiti walionyesha kwamba mwaliko wa kalenda wenye maagizo yaliyofichwa unaweza kumwelekeza Gemini, asistani wa Google, afanye mambo ambayo mwenye telefone hakuomba. Soma kwanza, kisha ruhusu.

“Vikumbusho vingi ni bora”

Vikiwa ishirini kwa siku utavifuta bila kusoma, na cha dawa kitaenda na vingine. Vitatu, vinne vinatosha.

“Bila mega hakilii”

Inategemea kimekaa wapi. Kama kimeshaandikwa ndani ya kalenda ya telefone yako kinalia hata bila mega, yaani bila internet. Kama kinatumwa na seva, bila mtandao hutakipata kwa saa yake. Na telefone ikizimika kwa kukosa kuran (umeme) hakuna cha IA wala kalenda, kwa hiyo jioni ichaji kwanza.