Mkato mmoja baada ya 1913

Jana jioni nilikuwa nasahihisha insha za vijana wangu wa tuisheni hapa Mwanga, Kigoma, nikakutana na hii: "The Liemba, a ship built in Germany in 1913 was raised from the lake in 1924." Hebu soma tena polepole. Mkato wa kwanza upo, wa pili haupo, sasa jicho linateleza mpaka "1913 was raised" kama vile ni mwaka ndo uliibuliwa majini na siyo meli! Na habari zenyewe ni za kweli, dogo anaijua meli yake vizuri tu.

Hicho kipande, "a ship built in Germany in 1913", kinaitwa apozitivu, yani jina la pili (nomino pamoja na maneno yake, si lazima liwe jina la mtu) linalokaa ubavuni mwa la kwanza na yote yanataja kitu kilekile. Ukikitoa na bado tunajua unaongelea meli gani, kiwekee mkato mbele na nyuma, labda kiwe mwisho wa sentensi hapo nukta itafunga.

Utamu uko pale mkato unapobadili maana. Mzee wa Ujiji mwenye mke mmoja ataandika "My wife, Zaituni, sells dagaa at Kibirizi", maana hata ukifuta jina mke ni yuleyule, ila mwenye wake wawili anaandika "My wife Zaituni sells dagaa" bila mkato wowote kwa sababu jina ndo linatuambia yupi kati yao. Sisi tunasema mke wangu Zaituni basi imeisha, sikio halidai zaidi, ndo maana vijana hawalioni hili na mimi siwezi kuuita uzembe. Kuna wahariri hawakazi sana kwenye majina mafupi hivi, ila kwenye mtihani kaza.

Vilevile "The journalist Stanley met Livingstone at Ujiji in 1871" haitaki mkato, waandishi wa habari wako wengi, jina ndo linamchagua. Igeuze, "Stanley, a journalist, met Livingstone", mikato yote miwili inarudi.

Kipande kikiwa na mikato yake ndani tumia vistari virefu: "Three fish — dagaa, migebuka and kuhe — feed our town."

Yule kijana nimemwekea mkato mmoja wa wino mwekundu baada ya 1913, kwingine sijagusa.