"Smart" si suti peke yake

Jumapili moja pale Kibuye, Kisumu, muuza mitumba alinivisha koti, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Omera, hapo umetoka smart." Nikalipa bila kubishana bei. Wiki hiyohiyo mpwa wangu akarudi kutoka shule amenuna. Mwalimu mgeni, Mmarekani, alikuwa amemwita smart mbele ya darasa, naye siku hiyo alivaa sare iliyochanika kwapa. Alidhani anachekwa.

Dhana: smart ni aliyevaa vizuri, basi.
Ukweli: hiyo ni maana tuliyorithi kwa Waingereza: nguo zimepigwa pasi, viatu vinang'aa, mtu mtanashati. Mmarekani akilitamka, mara nyingi anasifu akili. Kumbe binti alikuwa amejibu swali gumu.

Dhana: maana ya mavazi ndiyo ya asili.
Ukweli: hapa ndipo pananoga. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilihusu maumivu yanayochoma, kama ya kiboko. Nduguye wa Kijerumani, *Schmerz*, bado ni maumivu. Mwingereza akikatakata vitunguu, macho yakimwasha, hutumia neno lilelile. Kutoka kuchoma likahamia kwenye maneno makali na wepesi wa mwendo. Akili ikaingia karne ya 17, na nguo zikafuata karne ya 18. Tusishangae, maana sisi wenyewe tuna kisu kikali, dawa kali, maneno makali, na vijana wa Kondele watakwambia una luku kali, yaani mwonekano wa kuvutia.

Dhana: ukiitwa smart umesifiwa.
Ukweli: sikiliza sauti kwanza. Mzazi wa Kimarekani akimwambia mtoto asijifanye smart, anamkanya asijibu kijeuri.

Dhana: simu huitwa smart kwa sababu inapendeza.
Ukweli: ni kwa sababu ina kompyuta ndani. IBM Simon, iliyoanza kuuzwa 1994 na ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza, ilikuwa na uzito wa nusu kilo hivi na umbo la tofali. Urembo haukuwepo. Na yale malengo "smart" ya semina za hotelini? Ni herufi za mwanzo za maneno matano, alizozipanga mtaalamu wa usimamizi George Doran mwaka 1981. Hayahusiani na tai uliyovaa.

Mpwa wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniletea sindano na uzi. Kwapa lilikuwa bado limechanika.