Kangaja wa tangini: usimpime kwa udogo wake dukani

Kangaja, samaki wa baharini anayefugwa tangini, akiuzwa akiwa na urefu wa sentimita 5 bado ni mtoto. Yule wa buluu mwenye mkia wa manjano, Paracanthurus hepatus, akikomaa hufikia sentimita 30 hivi, na puju, ambao ni wa ukoo huohuo, baadhi yao hupita nusu mita. Wengi wanaotujia na malalamiko kwamba samaki wao amekuwa mkorofi, au amefifia rangi, walinunua tangi kwa kipimo cha mtoto.

Samaki huyu hashindi amejibanza kwenye pango. Kuanzia kunapokucha hadi giza liingie anaogelea huku akidonoa mwani mwambani. Kwa hiyo urefu wa tangi ni muhimu kuliko kina chake. Kangaja wa manjano (Zebrasoma flavescens) apewe angalau lita 400 na urefu wa mita 1.2, yule wa buluu apate mita 1.8 au zaidi. Puju, kwa maoni yangu, hafai kabisa kufugwa nyumbani.

Kwenye shina la mkia, kila upande, kangaja ana mwiba mkali kama wembe. Kwa aina nyingi mwiba huo hulala ndani ya mfuo na kuchomoza samaki anapokasirika; kwa puju umesimama muda wote. Ndiyo maana kuchanganya kangaja wawili wanaofanana umbo kwenye tangi dogo huishia kwa majeraha ubavuni. Unapomhamisha, tumia chombo cha plastiki badala ya wavu, kwa kuwa mwiba hunasa kwenye nyuzi. Akikuchana mkono, osha jeraha vizuri, na likivimba nenda hospitali.

Chakula chake kikuu ni mwani. Karatasi za mwani mkavu usiotiwa viungo, zikibanwa kwenye kioo kwa kibanio, zinatosha kumfanya adonoe kwa saa kadhaa. Mtazame kwa mbele: tumbo likiwa limebonyea na mgongo umechongoka nyuma ya kichwa, huyo ana njaa hata kama jana ulimlisha nyama ya kamba akashiba.

Sasa ugonjwa, ambao ndio unaoua wengi. Kangaja hushambuliwa upesi na kimelea Cryptocaryon irritans, kinacholeta madoa meupe mithili ya chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi. Siku chache baadaye madoa hutoweka na mfugaji hufurahi. Lakini samaki hajapona. Vimelea vimedondoka, vimejifungia kwenye mchanga na mawe, na kila kimoja kinaweza kutoa mamia ya vichanga vitakavyomrudia samaki kwa wingi zaidi. Dawa ya shaba huviua, lakini huua pia konokono, kamba na matumbawe, hivyo itumike kwenye tangi la pembeni tu, huku ukipima kiwango chake kila siku. Tangi kubwa libaki bila samaki yeyote hadi vimelea vife kwa kukosa pa kushika; wafugaji wengi hungoja siku 76. Ni afadhali kumweka mgeni karantini kwa wiki 4 hadi 6 kabla hajakutana na wenzake.

Maji yawe na nyuzi joto 24 hadi 27, chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, na amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, isionekane kabisa kwenye kipimo. Tangi jipya halimfai. Mwache aingie mwisho, baada ya samaki wapole.

Zamani karibu kangaja wote wa madukani walitolewa baharini. Mwaka 2015 watafiti wa Hawaii walifanikiwa kukuza wa manjano kuanzia yai, na mwaka 2016 wenzao wa Florida wakamkuza wa buluu. Muulize muuzaji kama anao waliozalishwa hivyo: wamezoea chakula cha tangini tangu utotoni. Na ukishindwa kumtunza, mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa. Usimwachie baharini, hata kama asili yake ni bahari hiyohiyo, kwa sababu huenda akabeba vimelea alivyovipata kwa samaki wa mbali.