Chambo cha kapi ugenini: tunayoamini Nairobi na yanayotukuta majini

Shemeji yangu alikesha usiku mbili jikoni kwake Kasarani akikanda chambo. Unga wa mahindi, omena ya kusaga, unga wa maziwa na mayai ishirini. Akaviringisha, akachemsha, akaanika, akapakia kilo sita kwenye sanduku pamoja na mkebe wa nyungunyungu. Alipotua Ufaransa, afisa wa ukaguzi alifungua sanduku, akauliza ndani mna nini, na kila kitu kikaishia pipani. Siku yake ya kwanza aliimaliza akitafuta duka badala ya kuvua.

Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa na wenzangu wa Nairobi wanaopanga safari za kuvua kapi, yaani samaki wa carp, nje ya nchi: tubebe chambo gani? Nikisikiliza maswali yao nasikia dhana zilezile zinarudi. Nyingi zimetokana na maji yetu ya Naivasha na Masinga, na huko ni kweli. Zinageuka potofu zikishavuka mpaka.

Dhana: “Chambo changu nakijua, nitakibeba”

Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri anayetoka nje ya Umoja huo kuingia na nyama wala maziwa. Boili, yaani zile tembe za unga na mayai zinazochemshwa hadi zikakauka, mara nyingi hutiwa unga wa maziwa ili ziwe na protini. Kwa afisa wa forodha hayo ni maziwa, hata yakiwa yamefungwa ndani ya tembe ya samaki. Waingereza, ambao kwa miaka mingi walivuka kwenda Ufaransa na magari yaliyosheheni chambo, walianza kubanwa na katazo hilohilo tarehe 1 Januari 2021, baada ya nchi yao kujitoa.

Nyungunyungu nao walikuwa na kosa lao, kwa sababu walikuwa wamefunikwa kwa udongo wa shamba, na udongo hauingii. Mimea na mbegu nazo zina mlango mwembamba. Tangu Desemba 2019 karibu kila mmea, tunda au mbegu hai inayoingia kule na abiria inatakiwa iwe na cheti cha afya ya mimea. Matunda yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Usiwaone wakorofi. KEPHIS, shirika letu la kukagua afya ya mimea, hufanya kazi iyo hiyo kwenye uwanja wetu wa ndege, na mkulima yeyote aliyewahi kupoteza ng'ombe kwa ugonjwa wa miguu na midomo anajua kwa nini.

Kwa hiyo beba ndoana, mshipi, chubwi na sindano ya kutungia chambo, vyote kwenye mzigo wa chini ya ndege. Chambo kinunue huko huko. Wanaofuga kapi kwenye maziwa ya kuvulia ya kukodi mara nyingi wanauza boili mlangoni, na wengine hawakubali chambo chochote ambacho hawakukiuza wao. Waulize kabla hujalipa nauli.

Dhana: “Kapi wa Ulaya hali mahindi, anataka vya dukani”

Hii inaniuma, kwa sababu inamfanya mtu aliyekulia kwenye mahindi adharau kitu anachokijua kuliko wote. Punje za mahindi zimevua kapi wakubwa kila mahali wanapovuliwa. Afrika Kusini, kwenye mto Vaal na mabwawa yake, wavuvi wengi hukanda unga wa mahindi ukawa mgumu kama ugali wa jana, wakautia ladha ya asali au kitunguu saumu. Boili zilishika kasi Uingereza miaka ya 1970, mvuvi Fred Wilton alipoanza kutetea chambo chenye lishe ya kweli. Hoja yake ilikuwa kwamba samaki akikizoea atakirudia. Ni chambo kizuri hasa mahali ambapo kapi wamekizoea kwa miaka. Lakini hakikuyafuta mahindi.

Kosa letu liko kwenye kupika. Kapi hana tumbo. Meno yake yako kooni, anasaga chakula hapo, kisha kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Punje kavu ikivimbia humo inaweza kumdhuru, ndiyo maana wenye maziwa ya kuvulia wanakuwa wakali kuhusu nafaka. Loweka mahindi saa 24, kisha uyachemshe mpaka yalainike, kama unavyofanya ya githeri. Maharagwe pia usiyapike kwa njia ya mkato: yakiwa mabichi yana sumu, na kwa binadamu ni hivyo hivyo. Na mahindi yaliyoota ukungu usiyaite “ya samaki tu”. Sisi tuliona mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, sumukuvu ilivyoua watu 125. Karanga zilizovunda hubeba sumu hiyohiyo.

Kuna chambo kimoja ambacho wenzetu wanakinunua kwa bei, nasi tunaking'oa shambani kwa jembe na hasira. Ni viazi vidogo vya ndago, aina ile ambayo viazi vyake ni vitamu kula. Kapi wanavipenda mno, vina utamu na ugumu wa kutafunika. Lakini vinataka kulowekwa na kuchemshwa zaidi ya mahindi, na maziwa mengi yamevipiga marufuku kwa sababu watu walivitupa majini vikiwa vikavu. Ukiruhusiwa, tumia vichache.

Dhana: “Harufu ikiwa kali, atakuja kutoka mbali”

Nimemwona mtu akimimina nusu chupa ya ladha ya stroberi kwenye ugali wa kuvulia, gari zima likanuka. Kapi haonji hewa. Ana masharubu manne mdomoni yaliyojaa vionjio, na midomo yake ina vingine. Anachokihisi ni kile kinachoyeyuka majini: chumvi, sukari, na vile vijenzi vidogo vya protini vinavyochuruzika kutoka kwenye chakula. Mafuta ya samaki yenye harufu nzito kwetu hayayeyuki; hupanda juu, na maji yakiwa baridi huwa mazito yakabaki ndani ya tembe. Ladha ya chupa ikizidi, inakuwa chungu, na samaki anakitema chambo kabla ndoana haijashika.

Kutema huko ndiko kulikoleta uvumbuzi mkubwa kuliko chambo chochote. Karibu na mwaka 1980 Lenny Middleton na Kevin Maddocks, Waingereza, waliacha kukizika chambo kwenye ndoana. Walikining'iniza kwa kijiuzi chembamba kinachotoka kwenye ndoana, chambo kikabaki huru na ndoana wazi. Kapi anafyonza chambo, anakitilia shaka, anakitema, na ndoana inamshika mdomoni akitema. Sisi tuliozoea kufunika ndoana kwa ugali tunajifunza hili kwa shida, kwa sababu mkono unataka kuificha. Ukiacha kila kitu kingine nilichoandika hapa, chukua hili la kijiuzi.

Dhana: “Samaki mkubwa, chambo kikubwa”

Kapi wa kilo ishirini hunyonya punje moja ya mahindi. Ukubwa wa chambo hauchagui wakubwa, unawapunguza wadogo wasumbufu tu. Na wasumbufu ndio hasa wa kufikiria. Naivasha tunawajua kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani, walioletwa ziwani mwaka 1970, wanavyomenya ugali mpaka ndoana inabaki tupu. Wapo pia katika maziwa mengi ya Ulaya, pamoja na kambale wadogo weusi. Mahali kama hapo chagua boili ngumu iliyokaushwa siku kadhaa, au ndago ikiruhusiwa, na uache mikate laini nyumbani.

Dhana: “Mwaga chambo kingi, watakusanyika”

Maji ya Naivasha hayabadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo hatukuzoea kuuliza ni mwezi gani. Ulaya lazima uulize. Joto la mwili wa kapi hufuata maji. Julai, Ufaransa, maji yakiwa na nyuzi zaidi ya 20, anakula kwa pupa na boili za unga wa samaki zinafanya kazi vizuri. Februari, maji yakiwa na nyuzi tano au sita, mmeng'enyo wake umelala. Konzi moja ya punje na tembe ndogo moja nyepesi kwenye kijiuzi zinatosha siku nzima. Ukimwaga kilo tatu wakati huo, chakula kitaozea chini na kuharibu mahali pako pa kuvulia. Anayekwenda Vaal Julai akumbuke pia kwamba huko ni katikati ya kipupwe, na usiku kuna barafu kwenye nyasi.

Dhana: “Ukishakuwa na kibali, chambo ni hiari yako”

Ufaransa kibali cha uvuvi kinanunuliwa hata mtandaoni, lakini hakimalizi mambo. Kwenye maji ya umma kapi wanavuliwa usiku katika sehemu zilizotengwa tu, na kwenye nyingi kati ya hizo chambo cha usiku kinatakiwa kiwe cha mimea au boili. Nyungunyungu hawaruhusiwi. Na kwa sisi tuliozoea kwenda na samaki nyumbani: mvuvi wa starehe akikutwa anamsafirisha akiwa hai kapi anayezidi sentimita 60, faini inaweza kufika euro 22,500.

Shemeji anarudi tena Septemba. Juzi nilimkuta Nyamakima akinunua nusu kilo ya mahindi makavu. Si ya kusafiria, amejifunza. Anataka kupima kwa saa punje inachukua muda gani kulainika bila kupasuka, aandike kwenye daftari. Nilimwambia aandike na kando yake kwamba hapa tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Ziwa analokwenda liko chini sana kuliko sisi. Sufuria iliyochukua saa moja na nusu Kasarani, huko aanze kuifunua mapema zaidi.