Punda wako na misimu ya Lamu: maswali na majibu

Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Mchanga, saruji, mawe, boriti na mitungi ya gesi, karibu vyote hubebwa na punda. Maswali yafuatayo ni yale ninayoulizwa mara kwa mara na wenye punda wa Langoni, Shela na Matondoni, pamoja na mawili matatu kutoka Pate na Malindi.

Kabla ya yote, jambo moja. Farasi akiumwa na tumbo hujigaragaza, hutoka jasho, hupiga chini kwa kwato. Punda hunyamaza. Atasimama pembeni, kichwa chini kidogo, na mpita njia atadhani anasinzia. Kwa hiyo mtu wa kugundua ugonjwa ni wewe unayemwona kila siku. Ukimjua vizuri akiwa mzima, namna anavyokula, anavyosimama, anavyokupokea asubuhi, utamjua siku ile ya kwanza akibadilika.

Punda wangu hana homa wala kidonda, lakini tangu jana hataki kula. Nimpumzishe siku mbili tatu nione?

Hapana. Mwite daktari wa mifugo leo hii. Punda akikaa bila kula, mwili wake huanza kuyayusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamwaga kwenye damu. Mafuta yakizidi, ini na figo hushindwa kazi. Daktari akichukua damu na kuiacha itulie kwenye kichupa, yale maji ya juu ambayo hupaswa kuonekana safi huwa meupe na mazito. Ikifika hapo, kumwokoa ni kazi kubwa na wengi hufa. Walio hatarini zaidi ni punda wanene, punda jike wenye mimba na wanaonyonyesha.

Wakati unamsubiri daktari, mpe anachokipenda: majani mabichi, ganda la ndizi, karoti iliyokatwa vipande virefu. Lengo ni apate chochote tumboni. Usimnyweshe uji kwa nguvu kwa chupa, maana ukipita njia ya hewa utaingia mapafuni. Na ikiwa punda mwenzake amekufa au ameuzwa, ujue hiyo peke yake inaweza kumfanya agome kula. Punda hushikana sana na wenzao. Akienda kwa daktari, mpeleke na mwenzake.

Wakati wa kaskazi jua ni kali. Anywe maji kiasi gani?

Kuanzia Desemba hadi Machi, mhesabie debe zima la lita 20 kwa siku, na zaidi akifanya kazi mchana. Punda hustahimili kiu kuliko farasi, na hapo ndipo tunapomwonea. Haonyeshi kuwa ana kiu, nasi tunasahau. Mpe maji asubuhi kabla ya kazi, kila anapopumzika, na jioni. Ni mnyama mchaguzi: ndoo yenye mafuta, povu la sabuni au maji ya chumvi ataikataa hata kama koo limemkauka. Akikataa, sugua ndoo kwanza.

Kazi nzito ya mchanga na mawe ifanyike alfajiri na baada ya alasiri. Saa sita hadi saa tisa afunguliwe mzigo na soji (tandiko la mgongoni), asimame kivulini. Ukimwona anahema haraka mfululizo hata baada ya kupumzika, au anayumba, mmwagie maji miguuni, shingoni na mwili mzima, endelea kummwagia, na umpigie daktari simu.

Ana kidonda mgongoni kisichopona. Nimetia majivu, nimetia oili chafu, wengine wananiambia maji ya betri.

Acha vyote vitatu. Maji ya betri ni asidi, yanaichoma nyama hai. Oili chafu ina sumu na inashika vumbi. Majivu yanaleta uchafu ndani ya kidonda.

Chemsha maji, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, kisha mwagia kidonda mpaka uchafu wote utoke. Nyoa manyoya ya pembeni ili yasiingie ndani. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, na upake dawa ya kuzuia nzi atakayokupa daktari, pembezoni mwa kidonda.

Lakini dawa si nusu ya kazi. Lazima uulize kidonda kimetoka wapi. Mvue soji, igeuze, pitisha kiganja upande wa ndani. Utakuta fundo la kamba, ukingo wa gunia uliokauka na chumvi, au mahali pamba ilipokandamizwa ikawa ngumu. Kidonda kikiwa juu ya uti wa mgongo, soji haina mfereji katikati, mzigo unakaa juu ya mfupa. Inatakiwa mito miwili minene, mmoja kila upande, na uti wa mgongo ubaki huru bila kuguswa. Shogi, yaani vikapu vya mzigo vinavyoning'inia ubavuni, nazo zijazwe sawa pande zote mbili. Mzigo ukilemea upande mmoja, soji husogea, na inaposogea ndipo inapochubua. Na maadamu kidonda hakijafunga, asibebe chochote. Najua siku ya punda ndiyo chakula cha nyumba, silisemi hili kwa wepesi. Ila punda aliyepumzishwa wiki mbili kidonda kikiwa kidogo hukurudishia kazi mapema. Anayetumikishwa na kidonda huishia miezi bila kazi.

Kidonda kinachovimba wakati wa joto, kinachowasha, na kutoa chembe ngumu za njano, hicho ni kingine. Nzi ameacha ndani yake viluwiluwi vya minyoo ya tumboni. Maji ya chumvi hayatakimaliza, mwonyeshe daktari, kwa kuwa kinahitaji dawa ya minyoo.

Abebe mifuko mingapi ya saruji?

Mmoja. Punda wetu wengi ni wa kilo 120 hadi 160 hivi, na mfuko wa saruji ni kilo 50, karibu theluthi ya uzito wake. Miwili ni dhuluma, hata kama safari ni fupi, hata kama yule wa jirani anabeba. Na punda chini ya miaka minne asipewe mizigo, mifupa yake haijakomaa. Ukinunua punda na muuzaji akakuapia kuwa ni mkubwa, fungua mdomo: meno yote ya mbele ya kudumu hukamilika akiwa na miaka mitano hivi.

Masika yakianza anachechemea ghafla, mguu haukanyagi kabisa. Umevunjika?

Mara nyingi si mfupa. Ni usaha ndani ya ukwato. Punda ni mnyama wa nchi kavu, na ukwato wake hunyonya maji na kulainika kuliko wa farasi. Mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi Lamu, anasimama kwenye matope na mkojo siku nzima. Ukwato unalainika, kijiwe au kipande cha gamba kinapenya, uchafu unaingia na usaha unajaa pasipo na pa kutokea. Maumivu yake ni makali sana.

Gusa ukwato kwa kiganja, utausikia wa moto kuliko mwingine. Daktari au fundi wa kwato atachonga kidogo, usaha utoke, kisha mguu uloweshwe kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi na ufungwe. Usichonge mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

Kinga yake ni rahisi. Kila jioni inua miguu minne, ondoa uchafu, nusa. Harufu ya kuoza ni dalili kuwa ukwato umeanza kuharibika. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi kumi. Na apate paa. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, mvua inamfika mpaka kwenye ngozi, na ngozi ikilowa siku nyingi hutoa magamba na manyoya hunyonyoka.

Dawa ya minyoo nimpe lini?

Baada ya masika na baada ya vuli ndipo inapohitajika zaidi, ila kinyesi kipimwe kwanza ikiwezekana. Kipimo cha dawa hufuata uzito. Ukimpa kidogo kuliko inavyotakiwa, minyoo hubaki na kuzoea dawa.

Usiku namfungulia azunguke mjini ajitafutie. Kuna ubaya?

Upo, na unaua polepole. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini jaani bado kuna pakiti, nyuzi za magunia na vipande vya nyavu. Punda mwenye njaa hula vyote, hasa vikiwa na chumvi au mabaki ya chakula. Plastiki haisagiki. Inajikunja tumboni, mwaka mzima utamwona anakonda huku anakula, tumbo likimsumbua mara kwa mara, kinyesi kidogo na kikavu. Hakuna dawa ya kuiyeyusha. Mlishe nyasi za kutosha jioni kabla hajatoka, au usimtoe. Mabaki ya wali, mikate na ugali kwa wingi nayo si chakula chake, humletea ugonjwa wa kwato.

Nina ng'ombe na kuku pia. Naweza kutumia dawa zao?

Usithubutu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi husimamisha utumbo wa punda na farasi, akafa kwa msokoto wa tumbo. Vyakula vingine vya kuku huchanganywa na monensini, ambayo kiasi kidogo tu huua moyo wake. Gunia la kuku lifungwe mahali asipofika. Kupe wang'oe kwa mkono, kisha umuulize daktari dawa inayomfaa.

Niko Malindi, nina farasi wa kutembeza watu pwani. Haya yote yanamhusu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini farasi ana adui ambaye punda humhimili: ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na usubi. Punda akiupata huwa haonyeshi kitu. Farasi huvimba juu ya macho, hutoa povu puani, na wengi hufa ndani ya siku chache. Huzidi wakati wa mvua na baada yake. Chanjo ipo, mwulize daktari kabla ya msimu. Farasi aingie bandani kabla jua halijatua na atoke likishapanda, maana usubi huuma magharibi, usiku na alfajiri.

Pepopunda ina chanjo kwa punda?

Ipo: sindano mbili zinazopishana wiki nne hadi sita, kisha ya kukumbushia kama daktari atakavyopanga. Kidonda cha msumari kwenye ukwato kinatosha kuileta. Ukiona miguu imekakamaa, taya halifunguki na ngozi nyeupe inaruka ndani ya jicho, mweke mahali penye giza na kimya mpaka daktari afike.

Mimi niko Siyu. Daktari yuko Lamu mjini na boti si ya saa yoyote. Nifanye nini?

Mji wa Lamu umekuwa na kliniki ya punda tangu mwaka 1987, ilipofunguliwa na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, na kaunti ina maafisa wa mifugo. Weka namba zao mapema. Unapopiga, mwambie alikula lini mara ya mwisho, alinya lini, kinyesi kilikuwaje, na dawa gani umempa. Mpime joto kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta, nyuma, akiwa amepumzika kivulini: punda mzima huwa karibu nyuzi 37, ikipita 38 sema. Inua mdomo wa juu uangalie ufizi. Ukiwa wa waridi na una unyevu, vizuri. Ukiwa mwekundu sana, wa zambarau au mkavu, mwambie hilo kabla ya jingine lolote, na umwombe akuambie kama aanze safari sasa au usubiri boti ya kesho. Kinyesi cha mwisho kiweke kwenye chombo chenye kifuniko, ukihifadhi mahali pa baridi. Atakihitaji.